Plastiki Ichukuayo Umeme

Chukueni kipande cha waya wa umeme mkichune kwa kisu. Ndani mtaona shaba, labda shaba ya kwetu Katanga. Nje mtaona ganda la plastiki. Fundi yeyote atawaambia kazi ya kila kimoja: shaba inapitisha umeme, plastiki inauzuia usimwue mtu. Mtoto wa shule anajua hivyo, na kwa plastiki ya waya ni kweli kabisa. Lakini ziko plastiki za namna nyingine zinazopitisha umeme mithili ya madini. Na waganga wamekwisha kuziweka juu ya ubongo wa watu walio hai, wapate kusikia seli za ubongo zinaambiana nini.

Habari ya plastiki hizo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ukiuliza zilianza lini, mara nyingi utajibiwa: mwaka 1977, katika Marekani. Jibu hilo si uwongo, ila limeruka zaidi ya miaka mia moja. Kitu hiki kilionekana mara nyingi mbele ya kutambulika. Walikiona watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine, wakakiandika, wakaendelea na shughuli zao. Ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza.

Kwanza yafaa tujue kwa nini mganga asitumie shaba au dhahabu tu, basi.

Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, alikuwako mwalimu wa uganga jina lake Luigi Galvani. Mwaka 1791 alitoa kitabu juu ya vyura. Alikuwa ameona kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka ukiguswa na madini ya namna mbili yaliyounganishwa. Galvani akasema: umeme umo ndani ya mnyama mwenyewe. Alessandro Volta wa Pavia akambishia: la, umeme watoka katika madini. Katika kutaka kuonyesha haki yake, Volta alipanga visahani vya madini, kimoja juu ya kingine, pamoja na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akautangazia ulimwengu pili ya kwanza, ile tunayotia leo katika tochi na redio. Volta alishinda mbele ya watu. Lakini Galvani naye hakukosea: mwili una umeme wake.

Tena umeme wa mwili si sawasawa na ule wa waya. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walieleza kwa hesabu yale waliyoyaona katika mshipa wa fahamu wa ngisi, mnyama wa baharini ambaye mshipa wake ni mnene hata unaonekana kwa macho. Waliona kwamba habari ikipita katika mshipa, chembe za chumvi huingia na kutoka: natiri huingia, potasi hutoka. Chembe hizo zenye umeme huitwa ioni. Katika shaba mambo ni mengine: humo zinazotembea ni elektroni, vitu vidogo mno kupita ioni, nazo haziogelei katika maji ya mwili.

Mtu akaaye Goma au Bukavu ataelewa upesi. Ukivuka mpaka na faranga za Kongo mfukoni, huwezi kuzitumia kule kama ulivyozitumia nyumbani. Sharti upite kwa mwenye kubadilisha fedha. Ndivyo ilivyo mahali madini yanapogusa nyama ya mwili. Huku ni nchi ya elektroni, kule ni nchi ya ioni. Katika platini au dhahabu wabadilishaji wamesimama mstari mmoja tu, nje, juu ya uso wa madini. Uso ukiwa mkubwa, wako wengi, kazi inakwenda. Lakini mganga anataka kusikia seli moja moja ya ubongo, na seli ni ndogo sana. Basi kipande cha madini nacho sharti kiwe kidogo sana. Hapo wabadilishaji wanabaki wachache, sauti ya seli inapotea katika kelele, na mganga akizidisha nguvu ya umeme ili asukume habari kuingia, anaharibu nyama iliyo karibu. Shida hiyo ndiyo plastiki yetu imekuja kuipunguza. Tutarudi huko. Kwa sasa twende London.

Mwaka 1862 Henry Letheby alikuwa mganga na mtaalamu wa sumu, tena mwangalizi wa afya katika Jiji la London. Siku zile viwanda vya rangi vilitumia dawa zilizotoka katika lami ya makaa, na watu wengine walikufa kwa sumu yake. Letheby alitaka njia ya kutambua sumu hiyo. Alichukua anilini iliyochanganywa na asidi, akapitisha humo umeme wa pili kwa vibati vya platini. Juu ya platini kikashika kitu cha kijani cheusi kama samawati, kisichoyeyuka, kinachogeuka rangi kikitiwa dawa hii au ile. Aliandika habari yake katika gazeti la wanakemia la London, ikaishia hapo. Leo twajua kitu kile kilikuwa cha jamii ya polianilini, mojawapo ya plastiki zichukuazo umeme. Letheby hakupima kama kinapitisha umeme. Kwa nini apime? Yeye alitafuta sumu. Hata neno plastiki kwa maana ya leo lilikuwa bado, na elektroni ilikuja kutambuliwa mwaka 1897, yeye akiwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo mmoja wa mikono ya kwanza iliyogusa kitu hiki ulikuwa mkono wa mganga. Kilikaa muda mrefu bila mganga mwingine kukiuliza habari.

Mara ya pili ilikuwa Australia. Mwaka 1963 Donald Weiss na wenzake walitangaza habari ya polipiroli iliyotiwa iodi, wakapima, wakaona inapitisha umeme vizuri sana kwa kitu kisicho madini. Walisema wazi wazi, tena kwa tarakimu. Lakini gazeti lao la kemia lilisomwa na wachache nje ya nchi yao, na wataalamu wa fizikia hawakujali.

Mara nyingine ilikuwa Houston, katika Marekani, mwaka 1974. John McGinness, Peter Corry na Peter Proctor walichukua melanini, ile rangi nyeusi inayotia weusi ngozi na nywele zetu, wakaifanya kama swichi: kwa nguvu ndogo ya umeme inazuia, nguvu ikifika kiasi fulani inafungua njia ghafula. Angalieni, wasomaji: weusi wa ngozi, ambao watu wasio na akili wamefanya sababu ya dharau kwa karne nyingi, kumbe una tabia ya umeme iliyowashangaza wenye elimu! Habari hiyo ilitoka katika gazeti kubwa la Science. Hata hivyo ilisahauliwa, na wengine walioandika juu ya plastiki hizi baadaye hawakuitaja.

Sasa twafika kwa wale watatu waliopata sifa. Nitakaa kwao kitambo, maana habari yao ni tamu.

Alan MacDiarmid alizaliwa Masterton, New Zealand, mwaka 1927, katika nyumba ya watu maskini. Akiwa na miaka 16 aliacha kusoma mchana kutwa, akapata kazi katika chuo cha Wellington: kufagia, kuosha vyombo vya kioo, kumtayarishia mwalimu wa kemia dawa za maonyesho. Huku akifagia alisoma masomo machache machache. Akaendelea hivyo hata akawa profesa katika chuo kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Huko alikuwako Alan Heeger, mtu wa fizikia, mzaliwa wa Sioux City. Wote wawili walikuwa wakichungua kitu kimoja cha ajabu, mchanganyiko wa kiberiti na naitrojeni, ambacho si madini lakini kinang'aa kama dhahabu na kupitisha umeme.

Wa tatu ni Hideki Shirakawa wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1936. Alikulia Takayama, mji wa milimani. Alipokuwa mtoto wa shule alifunga sanduku lake la chakula kwa kitambaa cha plastiki. Chakula kilikuwa cha moto, kitambaa kikanyooka kikaharibika. Alipomaliza shule ya kati aliandika kwamba anataka kujifunza plastiki ili zifae zaidi kwa watu wa kawaida. Watoto wengi huandika mambo namna hii na kuyasahau. Yeye hakusahau.

Mwaka 1967 alikuwa akifanya kazi mjini Tokyo, akichungua poliasetileni. Kitu hicho Mwitalia Giulio Natta alikuwa amekwisha kukitengeneza mwaka 1958, lakini kilitoka unga mweusi tu, usioyeyuka wala kufinyangika, usiofaa kwa lolote. Katika chumba cha Shirakawa alikuwako mgeni kutoka Korea, Hyung Chick Pyun. Alitaka kutengeneza unga huo, akafuata maandishi ya kipimo, lakini kichocheo alichotia kilizidi mara elfu moja. Alipoangalia chupa hakuona unga. Juu ya dawa kulikuwa na utando, kama utando wa maziwa yaliyopoa, nao uling'aa kama bati. Mwingine angemwaga yote na kuosha chupa. Shirakawa aliuliza kwa nini, akarudia kosa lile kwa makusudi, mara nyingi, mpaka akajua kutengeneza utando huo apendavyo. Miaka ikapita. Utando uling'aa kama madini, lakini umeme ulipita kwa shida.

Mwaka 1975 MacDiarmid alifika Tokyo kusema habari ya kitu chake cha rangi ya dhahabu. Wakati wa kunywa chai Shirakawa akamwonyesha utando wake wa rangi ya fedha. MacDiarmid akashangaa, akamwalika Philadelphia. Shirakawa akaenda mwaka 1976. Tarehe 23 Novemba mwaka ule, yeye na kijana mmoja wa Heeger, jina lake Chwan Chiang, waliufunga utando katika chombo, wakauunganisha na kipimo cha umeme, wakaingiza mvuke wa bromini kidogo. Sindano ya kipimo ikaruka. Nguvu ya kupitisha umeme iliongezeka mara milioni kumi kwa dakika chache.

Nini kilitokea? Fikirini lori lililojaa watu, wamebanana juu ya mabenchi. Hakuna awezaye kusogea, maana hakuna nafasi. Mtu mmoja akishuka, jirani yake atasogea pale, na jirani wa jirani naye vivyo hivyo, mpaka mwendo ufike mwisho wa lori. Katika plastiki ya kawaida elektroni zimekaa kwa kubanana namna hiyo, kila moja mahali pake. Bromini au iodi huvuta elektroni chache zitoke. Zilizobaki hupata nafasi ya kutembea. Lakini dawa hiyo haifai kwa kila plastiki. Sharti chembe za kaboni ziwe zimeshikana kwa zamu, hapa kwa mkono mmoja, pale kwa mikono miwili, tena mmoja, tena miwili, katika mnyororo mrefu. Ganda la waya wenu halina mpango huo, na kwa hiyo halitawaletea hatari hata mkilipaka iodi mchana kutwa.

Mwaka 1977 wakatoa maandishi yao, na mwaka 2000 hao watatu wakapewa tuzo la Nobel la kemia. Je, ilikuwa haki? Wako waliolalamika kwa ajili ya Weiss na McGinness. Mimi nadhani tuzo lilistahili, maana hao watatu hawakuona tu. Walieleza kwa nini, wakawafanya wengine waje kuchungua pamoja nao. Lakini nasikitika kwa ajili ya jina la Pyun. Shirakawa mwenyewe alilitaja, hakulificha. Vitabu vingi vilivyofuata vikaandika «mgeni mmoja» au «mwanafunzi mmoja», kana kwamba chupa ilijichanganya yenyewe.

Baada ya furaha ile ya 1977, poliasetileni ilileta aibu kidogo. Ikikaa hewani inaoza: oksijeni inakata mnyororo, na siku chache tu utando haufai tena. Wenye viwanda wakageuka kando. Wataalamu wakarudia polipiroli na polianilini, zilizo imara zaidi. Mwaka 1979 Arthur Diaz na wenzake huko California walionyesha jinsi ya kuipaka polipiroli juu ya madini kwa umeme, utando safi. Njia yake ni ndugu wa ile ya Letheby. Lakini kile kitakachofika katika ubongo kilikuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyedhani: katika kazi ya picha.

Wazee waliopiga picha mbele ya simu za mkono wanajua filimu. Hewa ikiwa kavu, filimu ikikunjuliwa upesi, inasuguana na kutoa cheche ndogo sana, kama nywele zinavyolia ukizichana kwa kitana cha plastiki. Cheche ni mwanga, na mwanga unachoma filimu. Ukiisafisha unaona alama kama umeme wa radi juu ya uso wa bibi arusi! Kiwanda cha Agfa, ambacho tangu 1964 kiliungana na Gevaert ya Mortsel karibu na Antwerpen katika Ubelgiji, kilihitaji kupaka filimu kitu chembamba, kisicho na rangi nzito, kinachoondoa umeme huo polepole. Bayer ya Ujerumani, iliyokuwa na mkono katika Agfa, ilikuwa na wanakemia waliotengeneza, mwishoni mwa miaka ya 1980, polima mpya kutoka jamii ya tiofeni. Jina lake kamili linachosha ulimi. Wenyewe huiita PEDOT, nasi tutafanya vivyo hivyo. Ilikuwa imara hewani, lakini haikuyeyuka katika kitu chochote. Wakaichanganya na polima nyingine, PSS, yenye kupenda maji, na hapo wakapata maji ya samawati mnayoweza kuyapaka kwa brashi kama rangi ya nyumba. Filimu nyingi sana zilipakwa dawa hiyo. Wapiga picha hawakujua.

Nao waganga hawakujua. Wao waliendelea na madini yao, na tusiyadharau, maana yalifanya kazi kubwa. Mwaka 1957 katika Paris André Djourno na Charles Eyriès walitia waya katika sikio la kiziwi, akasikia kitu, ingawa si maneno. Mwaka 1958 katika Stockholm mtu wa kwanza alitiwa mwilini chombo cha kuongoza mapigo ya moyo, naye akaishi hata mwaka 2001. Mwaka 1987 Alim-Louis Benabid wa Grenoble alituliza mtetemeko wa mikono kwa umeme unaoingia ndani kabisa mwa ubongo. Hayo yote ni platini na madini mengine. Leo watu wengi viziwi wanasikia kwa msaada wa platini masikioni mwao.

Lakini ubongo una tabia yake. Ni laini kama ugali mwororo, tena unatikisika kwa kila pigo la moyo na kila pumzi. Ukiuchoma kijiti cha silikoni, kigumu kuliko ubongo mara milioni na zaidi, kijiti kinakaa pale kikiusugua. Ubongo hujitetea: seli za ulinzi hukizunguka na kukijengea kovu, kama mti unavyofunika msumari. Baada ya miezi au miaka, sauti ya seli inafifia nyuma ya kovu.

Katika miaka ya 1990 wengine walianza kujiuliza kama plastiki yenye umeme itapendwa na seli. Mwaka 1997 watu wa chuo cha MIT, karibu na Boston, wakiwamo Christine Schmidt na Robert Langer, waliotesha seli za jamii ya fahamu juu ya polipiroli. Walipopitisha umeme kidogo katika plastiki ile, seli zilinyoosha vidole vyao karibu mara mbili ya zile zisizopewa umeme. Huko Michigan, David Martin na Xinyan Cui walipaka elektrodi za ubongo polipiroli, na kisha, mwaka 2003, PEDOT. Elektrodi iliyopakwa ilikuwa ndogo kama zamani, lakini kizuizi cha umeme kilipungua sana.

Kumbukeni wabadilishaji wa fedha. Katika platini wamesimama mlangoni tu. PEDOT pamoja na PSS ni kama sifongo: maji na ioni zinaingia mpaka ndani, na kila mahali zinakuta elektroni zikingoja. Si mstari mmoja tena, ni soko zima, kila kona ina mbadilishaji wake. Kadiri upako unavyozidi kuwa mnene, ndivyo soko linavyokuwa kubwa, ingawa kiwanja kilichogusa ubongo hakikuongezeka. Nadhani hili ndilo jambo kubwa katika habari yote. Wengi husifu plastiki kwa ulaini wake, lakini PEDOT ikiwa kavu si laini kama ubongo hata kidogo. Sifa yake ya kweli ni kwamba inasema lugha mbili.

Katika Gardanne, karibu na Marseille, mji wa wachimba makaa ambao machimbo yake yalifungwa mwaka 2003, George Malliaras na wenzake walifanya zaidi. Hawakuridhika na upako. Walitengeneza transista nzima kwa PEDOT. Ioni zikiingia ndani ya plastiki, umeme unaopita humo unapungua, zikitoka, unaongezeka. Kwa hiyo sauti ndogo ya ubongo inakuzwa pale pale inapotokea, mbele ya kuchanganyika na kelele. Mwaka 2013 walieleza jinsi walivyoiweka juu ya ubongo wa panya na kusikia mawimbi ya kifafa. Mwaka 2015 Dion Khodagholy, Jennifer Gelinas, György Buzsáki wa New York na wenzao walitoa habari ya utando wenye unene wa mikroni 4, yaani sehemu 4 za elfu za milimeta. Unywele wa mtu ni mnene kuliko huo mara kumi na zaidi. Utando ulishika juu ya ubongo kama jani la mgomba lililolowa juu ya jiwe, bila kuuchoma. Na elektrodi zake za PEDOT zilisikia seli moja moja, jambo ambalo zamani lilihitaji kudunga. Walianza na panya, kisha wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari juu ya meza ya kupasuliwa.

Kwa nini kifafa? Kwa sababu wako wagonjwa ambao vidonge haviwatoshi. Mganga anaweza kukata kipande kidogo cha ubongo mahali degedege inapoanzia, lakini akikosea mahali kwa upana wa kidole, anaweza kuondoa maneno, au mkono, au kumbukumbu za mtu. Kadiri anavyosikia vizuri, ndivyo anavyokata kidogo.

Nasi Kongo twajua kifafa kuliko wengi. Katika sehemu za Ituri na Uele, kando ya mito yenye visubi wanaoleta upofu wa mtoni, vijiji vingine vina wagonjwa wa kifafa wengi mno, hasa vijana. Watoto huanguka motoni na mtoni, na majirani huogopa kuwagusa, wakidhani ugonjwa unaambukiza kwa mate. Hauambukizi hivyo. Nisiwadanganye: utando wa Gardanne hautawafikia vijana hao upesi. Wao wanahitaji kwanza vidonge vya fenobarbitali visivyokatika kila mwezi, na dawa ya kuzuia upofu wa mtoni igawiwe kila mwaka pasipo kuruka. Hiyo ni kazi ya leo, nayo haingojei elimu mpya. Mtu akinitaka nichague kati ya sanduku la vidonge Titule na elektrodi moja ya PEDOT, sitafikiri mara mbili.

Tena hata huko Ulaya na Marekani mambo hayajaisha. Upako wa PEDOT unaweza kupasuka na kubanduka kutoka juu ya madini, hasa umeme ukipitishwa mara nyingi sana. Kuona mgonjwa kwa saa chache za upasuaji ni jambo moja. Kukaa mwilini miaka ishirini, katika maji ya chumvi yasiyopoa kamwe, ni jambo lingine. Platini imekwisha kushinda mtihani huo. Plastiki bado inaufanya.

Wengine wamejaribu njia nyingine kabisa: mbona tulete elektrodi iliyokwisha kutengenezwa? Mwaka 2023 watu wa Linköping na Lund, katika Uswidi, akiwamo Magnus Berggren, walieleza jinsi walivyoingiza kwa sindano dawa laini kama uji, yenye chembe ndogo za polima na vimeng'enya. Sukari na asidi zilizomo mwilini zikaamsha vimeng'enya hivyo, chembe zikaungana zenyewe, na plastiki ichukuayo umeme ikaota papo hapo, ikifuata umbo la nyama iliyoizunguka. Walifanya hivyo katika ubongo, moyo na pezi la mkia la samaki wadogo wenye milia, na kando ya mishipa ya fahamu ya ruba. Samaki hawakuonekana kudhurika. Kwa mtu hawakujaribu.